Mtu Aliyerudi na Neno Moja

Juzi nilimkuta binti yangu kwenye kochi, miguu juu, simu usoni. Ana mchezo wa maneno anaocheza na wenzake wa shule, na amegundua kuna tovuti ambayo ukiipa herufi, inakuletea maneno yote ya Kiingereza yenye herufi hizo. "Mum, angalia hii," akaniambia, akabonyeza K, kisha B, kisha T. Kabla sijavuta pumzi, skrini ikajaa. Basket. Blanket. Bucket. Mengine sijawahi kuyasikia hata kanisani. Akachagua moja, akamshinda mwenzake, akaendelea kutafuna njugu zake.

Nilienda jikoni, nikafungua mfereji, nikasimama pale nikitazama maji yakimwagika bure. Kuna neno moja kati ya yale ambalo hadi leo, mama mzima mimi, siwezi kulisoma bila moyo kuruka. Nilipokuwa mtoto, neno hilo liliingia nyumbani kwetu kabla sijamjua aliyelibeba.

Tulikuwa tunaishi Kiuu, kwenye ploti ya safu mbili za vyumba, milango ikitazamana, mfereji mmoja katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Baba alikuwa dereva. Tajiri mmoja wa Thika alikuwa na lori la kubeba mananasi kupeleka masokoni, na baba ndiye aliyeliendesha. Jioni alirudi akinuka mananasi. Si ile harufu ya juisi ya chupa, ni ile ya nanasi lililoiva hadi likakaribia kuoza, tamu na yenye ukali kidogo, iliyokuwa imeingia kwenye kola za mashati yake na kwenye ngozi ya shingo. Mama alilalamika kwamba shuka zinaita sisimizi. Mimi nikiisikia harufu ile mlangoni, nilikuwa nalala bila kubembelezwa.

Jumapili tukitoka kanisani, baba alinishika mkono tukaenda kukaa kwenye tuta la udongo kando ya barabara kuu, tukitazama magari ya kwenda Thika na yale ya kurudi Nairobi. Hapo ndipo tulipokuwa na mchezo wetu. Gari likipita, unasoma herufi tatu za mwanzo za nambari yake, halafu unatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote, popote zitakapokaa ndani ya neno. Na kwa kuwa magari yetu yote huanza na K, kila neno ilibidi liwe na K. KAR, market. KBL, black. KAW, walk. Siku moja likapita KAV, nikakwama kabisa, na baba akapaza sauti, "Vodka!" Mama, ambaye alikuwa amekuja kutuita chakula, alimwambia aache kumfundisha mtoto mambo ya baa. Tulicheka mpaka nikapata kwikwi.

Baba hakuwa amesoma sana. Alitoka kwao magharibi akiwa kijana, akaja kutafuta kazi, na Kiingereza chake alikiokota barabarani, kwenye vibao na magunia. Lakini kwa mchezo ule alikuwa hatari. Nilidhani hakuna mtu duniani anayejua maneno mengi kumshinda.

Halafu siku moja nikatoka shule nikamkuta Mama Shiku ananingoja mlangoni kwetu. Mama Shiku alikuwa jirani wa chumba cha pili, muuza sukuma wiki, mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi stendi. Siku hiyo alikuwa anaongea polepole. Kando yake kulikuwa na begi langu, nguo zimeshafungwa.

"Unaenda kwa cucu wako Ngoliba," akasema.

"Mbona? Shule hazijafungwa."

"Mama yako atakuambia."

Mama hakuniambia. Sikumwona hata. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka, na njia nzima alizungumza habari za mpira.

Ngoliba kuna joto. Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa na shamba la ndengu na mbuzi wachache, na nyumba ya mabati ambayo mchana haikaliki. Usiku wa kwanza nilimwuliza baba yuko wapi.

"Ameenda safari, mami. Ameenda mbali na lori."

"Mbali wapi?"

"Mbali. Kula hiyo githeri kabla haijapoa."

Kuna mambo mtoto hayaelewi, lakini sauti anaielewa. Cucu, mtu wa kuongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, alianza kuibeba simu yake nyuma ya ghala na kunong'ona. Nikitokea, alikata na kunituma kuni. Wakaja akina mama wa kanisa, wakaniwekea mikono kichwani wakaomba kwa Kikuyu cha haraka, na mmoja wao akalia. Niliuliza analia nini, nikaambiwa ni Roho. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba watu hawamlilii mtu aliyesafiri na lori. Baba alikuwa anasafiri kila siku ya maisha yake na hakuna aliyewahi kumlilia.

Hapo ndipo nilipoanza tabia ambayo hadi leo haijanitoka vizuri. Nilianza kuwasikiliza watu wazima kama vile mchuuzi anavyoitazama noti, akiigeuza kwenye mwanga. Kila kitu walichoniambia nilikiweka upande mmoja nikingoja kijiumbue chenyewe.

Waliniandikisha shule ya karibu. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Kisha asubuhi moja mama akatokea njiani, amekonda, nguo ya kanisani inamning'inia mabegani. Alinikumbatia muda mrefu.

"Baba amerudi?" nikamuuliza.

"Amerudi."

"Kutoka safari?"

Alitazama mbuzi wa cucu. "Ndiyo. Kutoka safari."

Tulifika Kiuu alasiri. Nilibwaga begi uani nikakimbilia mlango wetu, nikasimama kizingitini nikivuta hewa kama ilivyokuwa kawaida yangu. Hakukuwa na mananasi. Kulikuwa na harufu ya dawa na mafuta ya kujipaka.

Kwenye kiti cha baba kulikuwa kumekaa mtu. Alikuwa amenyolewa kichwa chote, na kovu refu lilianzia juu ya sikio likapotelea nyuma. Mashavu yaliingia ndani. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani umekunjwa, kana kwamba aliachiwa na mtu amshikie kwa muda. Aliponiona, uso wake ulivurugika. Midomo ikahangaika, ikatafuta, kisha neno likatoka, wazi kabisa.

"Bucket."

Nilitazama huku na huku. Ndoo ilikuwa kando ya mlango, na ina maji. Nikaiburuta hadi miguuni pake. Akatikisa kichwa. "Bucket," akarudia, machozi yakaanza kumtoka, akaunyosha mkono wa kushoto kunishika. Baba yangu alitumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Nikarudi nyuma hadi nikamgonga mama.

"Msalimie baba yako," mama akasema, sauti imekaza.

"Habari yako," nikasema, vile unamsalimia mgeni.

Siku zilizofuata nilimchunguza. Kikombe alishika kwa kushoto. Chai aliimwaga kidevuni na hakujali. Hakuniita jina langu hata mara moja, na baba yangu aliita Nafula kutoka getini kabla hata ya kuvua viatu. Mama akimuuliza kama ameshiba, anajibu bucket. Mchungaji alipokuja kumwona, alimjibu bucket kwa adabu kabisa, akiitikia kwa kichwa. Watu wakija kumsalimu walitoka wakitazamana. Mgonjwa gani anapoteza lugha ya mama yake, anapoteza Kiswahili, halafu anabaki na Kiingereza? Wapo walionong'ona kwamba ni mambo ya uchawi yametumwa kutoka kwao nyumbani. Wapo waliosema anaigiza. Hakuna aliyekubali kitu kwa moyo mmoja, na mimi nilikuwa katikati yao, nikisikiliza.

Kilichomaliza mambo ni maneno niliyoyasikia mferejini. Nilikuwa nimepanga mstari na mtungi wangu nyuma ya shuka zilizoanikwa, na Mama Shiku alikuwa mbele na mama mwingine wa ploti.

"Huyu alirudi si yule alienda," akasema Mama Shiku. "Nakuambia ukweli. Baba Nafula yule tulijua, huyo aliisha."

"Na Mama Nafula anavumilia tu."

"Atafanya nini? Amekubali huyu amepewa."

Nilisimama pale mpaka mtungi wa mtu mwingine ukanipita kwenye mstari. Kumbe si mimi peke yangu. Kumbe ploti nzima inajua. Baba yangu bado yuko safari, na huyu ni mtu mwingine, amewekwa kwenye kiti chake, amevaa mashati yake, na mama amekubali.

Kuanzia siku hiyo sikumtazama mama vizuri pia. Akinipa uji nilingoja anywe kwanza. Nilihamisha godoro langu hadi karibu na mlango. Niliacha kusema mambo ya shule mezani, nisije nikampa yule mtu habari za kutumia. Mama alidhani nina minyoo, akaninunulia dawa.

Nikaamua kumtega. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mwizi yeyote asingeweza kukijua, kwa sababu hatukuwahi kukiandika mahali wala kumfundisha mtu. Jumamosi moja mama alipoenda sokoni, nilichukua kipande cha chaki nilichokitoa shule, nikapiga magoti sakafuni mbele ya kiti chake, na kwenye saruji nikaandika herufi kubwa: K, B, C. Sikusema lolote.

Alizitazama. Kitu kikapita usoni pake, haraka, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Akainama, akaweka kidole cha kushoto juu ya K, kisha B, kisha C.

"Bucket," akasema.

Nywele zilinisimama. Lilikuwa jibu sahihi. B, C na K zote zimo. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika KAR.

"Bucket."

Nikaandika KAW.

"Bucket." Safari hii alijua amekosea. Alijipiga goti kwa ngumi, tena na tena, akifungua mdomo na kuufunga, macho yake yakinisihi nimsaidie na kitu nisichokijua. Nikafuta herufi kwa mguu nikatoka mbio nikajificha nyuma ya choo.

Huko nyuma ya choo niliupanga ukweli wote. Mtu huyu alikuwa amefundishwa neno moja. Na aliyelijua la kufundisha alikuwa baba peke yake. Kwa hiyo baba, huko aliko, alikuwa amekamatwa na watu, wakamlazimisha atoe siri ya mchezo wetu, naye akawapa neno moja tu, makusudi, ili mtu huyu aje na neno moja, na mimi nijue. Nililia kwa kumwonea huruma na kwa kumwonea fahari. Baba yangu alikuwa mwerevu hata akiwa mateka.

Nikisimulia hivi leo watu hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini siku zile hakikuwa kichekesho. Nilikuwa mtoto aliyedanganywa na kila mtu aliyempenda, na nilichofanya ni kujipangia habari iliyoshikana kuliko zile nilizopewa.

Mama alikuwa anashona kwenye kiwanda cha nguo Ruiru, na kwa kawaida ndiye aliyenichukua shule. Jioni moja walibakizwa kazini kwa muda zaidi. Akampigia Mama Shiku simu amwambie yule mtu aende kunichukua. Shule haikuwa mbali, na alikuwa ameanza kutembea vizuri, akivuta mguu kidogo. Mama alidhani itamfaa kujiona ana kazi ya kufanya.

Nilitoka getini nikamwona amesimama ng'ambo ya njia, shati la baba limefungwa vifungo vibaya. Alivuka, akashika mkanda wa begi langu kwa mkono wa kushoto, akaanza kunivuta upande wa nyumbani. Nikagoma. Nikajishikilia kwenye nguzo ya geti. Akavuta, nikapiga kelele.

Siku hizo kulikuwa na uvumi wa watoto kuibwa, kila mtaa na wake. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha pale pale. Mmoja akashuka.

"Niaje mzee. Huyu mtoto ni wako?"

"Bucket," akasema.

"Unasema?"

"Bucket. Bucket." Akaniashiria mimi, akajipiga kifua.

"Mtoto anaitwa nani?"

Alifungua mdomo. Niliona shingo yake ikikaza. "Bucket."

Wengine wakashuka. Mama muuza mahindi akaacha jiko lake. Mtu akasema huyu anawachezea, mwingine akasema huo ni ujanja wao, wanajifanya wazimu. Yule kijana wa kwanza akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa mpole.

"Sasa, msupa. Usiogope. Huyu unamjua?"

"Anakaa kwetu," nikasema.

"Ni nani yako?"

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa ameacha kuhangaika. Alikuwa ananitazama tu, akingoja kama wengine wote.

"Sijui," nikasema. Na nilikuwa sijui.

Mambo yalienda haraka. Mtu alimshika kola, kifungo kikaruka. Kofi likalia. Alianguka upande wa ule mkono mbovu, hakuweza kujizuia, na kichwa chake chenye kovu kikagusa vumbi. Kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe. Kilichonishangaza, na nilikishangaa hata wakati ule, ni kwamba hakuuinua mkono mzima ajikinge. Mkono ule ulikuwa bado umeshika mkanda wa begi langu.

"Ngai! Mwacheni! Mwacheni huyo mtu!"

Sauti ya Mama Shiku ilifika kabla yake. Aliingia katikati ya vijana na kikapu chake, sukuma zikimwagika, akamsukuma mwenye jiwe kwa kifua. "Mna wazimu? Huyo ni Baba Nafula! Ni mgonjwa! Alianguka kwa lori akifunga turubai, akapasuka kichwa, amelala hospitali miezi! Hawezi ongea! Mtoto ni wake! Muulizeni nani hapa Kiuu hamjui!"

Jiwe likaanguka. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Yule kijana aliyeniuliza alimsaidia kuinuka, akampangusa vumbi, akirudia, "Pole mzee, pole sana, hatukujua." Mimi sikusikia mengine. Nilikuwa nimebaki pale pale: alianguka kwa lori.

Mama alipofika tulikuwa tumekaa wote chumbani, Mama Shiku akimkanda yule mtu shavu kwa maji ya chumvi. Alisimuliwa. Alinigeukia taratibu, bado amebeba mkoba.

"Ulisema humjui?"

"Ndiyo."

"Nani alikuambia huyu si baba yako?"

Nikamnyooshea kidole Mama Shiku.

"Mimi? Haiya! Lini?"

"Pale mferejini. Ulisema huyu alirudi si yule alienda."

Mama Shiku akauacha mkono na kitambaa hewani. "Woi," akasema. "Woi, mtoto. Hiyo ni kuongea tu. Watu husema hivyo."

"Na wewe," nikamwambia mama, na sauti yangu ilianza kupanda yenyewe, "ulisema alienda safari. Cucu pia. Wote mlisema safari. Safari gani ya kurudi bila jina langu?"

Mama alikaa chini, sakafuni, na mkoba wake. Baadaye aliniambia kwamba siku ile aliona kitu ambacho hakukiona miezi yote akizunguka hospitali: kwamba kila mtu aliambiwa, hadi mbuzi wa Ngoliba, isipokuwa mimi. Waliogopa nisilie. Sasa akaniambia yote, mbele ya yule mtu, mbele ya Mama Shiku. Lori, turubai, mvua, kichwa. Wiki ambazo madaktari hawakuahidi kitu. Yule mtu alisikiliza akiwa ameinamisha uso, akiitikia kila jambo.

Nilimwamini? Nusu. Mtu akishakudanganya vizuri mara moja, ukweli wake pia unaupima.

Wiki iliyofuata mama alituchukua wote kwenda hospitali Thika, ambako yule mtu alikuwa anaonwa na daktari wa kufundisha watu kuongea. Alikuwa msichana tu, Daktari Kerubo, miwani mikubwa, viatu vya raba. Mama alimweleza yaliyotokea. Hakunigombeza. Alivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akaniambia niulize chochote.

"Mnajuaje ni yeye?" nikauliza.

Mama alishtuka. Daktari hakushtuka. "Swali zuri," akasema. "Mimi sikumjua kabla ya ajali, kwa hivyo mimi siwezi kukuapia. Lakini nitakuambia ninachojua. Maneno yake hayajaisha. Yako ndani. Mahali palipoumia ni pale pa kuyatoa. Anatafuta neno moja, linatoka lingine, na mara nyingi linatoka lile lile. Akisema bucket, pengine amesema chai. Pengine amesema nimechoka. Pengine amesema Nafula."

"Mbona bucket?"

"Hilo hata mimi sijui. Kuna wanaobaki na tusi. Kuna wanaobaki na wimbo wa kanisa. Wewe unajua ni kwa nini?"

Nikamweleza mchezo. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu. Nilipofika kwa nambari za magari, daktari aliacha kuandika, na baba, nasema baba, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kulijaribu neno hilo tena kichwani, alianza kuitikia kwa kichwa kwa nguvu, akisema bucket, bucket, bucket, akicheka upande mmoja wa mdomo.

Daktari akanipa kazi. Si hisani, kazi. Kila jioni niandike herufi tatu, baba atafute neno. Asipopata, nimwonyeshe mwanzo wa neno kwa midomo, bila sauti, nimwache amalizie. Nisimwonee huruma na nisimcheke.

Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni, chaki sakafuni, mama akipika. Mwanzoni nilikuwa bado askari zaidi ya mwalimu. Nilimtazama kwa makini kila alipokosea, nikitafuta mahali uongo utakapochomoza. Akapata park. Siku nyingine akapata milk, na alipolitoa alitazama kushoto na kulia kama aliyeiba. Kuna siku alipoteza yote, akatupa chaki ukutani, akanigeuzia mgongo, na mimi nikamgeuzia wangu. Sikuamka asubuhi moja nikawa nimeamini. Ilikuwa kama kuzoea chumba kipya. Siku moja unajikuta unatembea gizani bila kugonga meza.

Baba hakuendesha lori tena. Anaishi kwao magharibi sasa, ana ng'ombe na kuku, anatembea na fimbo. Maneno mengine yalirudi, mengine hayajarudi hadi leo, na ukimpigia simu ujue utangoja. Lakini ninachotaka kusema kilitokea tukiwa bado Kiuu, siku ya kawaida kabisa, na sikumsimulia mtu kwa miaka mingi kwa sababu ya jinsi kilivyopokelewa.

Nilikuwa uani nafua soksi. Mama alikuwa ametoka kidogo. Alikuwa ameacha maziwa kwenye stovu na kumwambia baba ayaangalie.

"Nafula! Maziwa!"

Nikaacha soksi nikakimbia ndani. Povu lilikuwa limeshapanda, linamwagika, moto wa stovu unafoka. Nikaondoa sufuria kwa mikono mitupu, nikaungua kidole, nikakipuliza, nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Nilikuwa katikati ya kupangusa ndipo nilipotambua.

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama kando ya kiti, amejishika mdomo.

"Umesema nini?"

Alijaribu. Alijaribu mpaka mishipa ikamtoka kwenye paji la uso. "Bucket," akasema mwishowe, akakaa.

Mama aliporudi nilimrukia mlangoni. Nilimwambia baba ameniita, ameniita jina, ameita na maziwa, kwa Kiswahili, maneno mawili. Alimtazama baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. "Bucket," akasema. Mama akanitazama mimi, kwa muda mrefu, macho yake yakipita usoni pangu taratibu akitafuta ni wapi nilipotunga. Nilikuwa naujua utazamaji huo. Sikuwahi kuupokea.

"Nafula," akasema kwa upole, "si lazima useme hivyo ndio nifurahi."

"Ni ukweli."

"Sawa."

"Mama, ni ukweli."

Alivua viatu. Aliitazama stovu na weusi wa maziwa yaliyoungua pembeni mwa sufuria, akainusa. Kisha akaiosha, akamimina maziwa yote yaliyokuwa yamebaki kwenye pakiti, akawasha moto. Akanishika mkono, tukamwacha baba na stovu, tukatoka nje, akauegesha mlango bila kuufunga, tukakaa kizingitini tukiwa tumeyapa maziwa mgongo, tukingoja yachemke.